Mto Uliopanda Ukuta

Jumatatu, 1 Februari 1954

Kengele, sala, kukagua kucha, wimbo. Kisha jiografia. Ramani bubu ukutani, ile isiyo na majina, mistari na nukta tu. Nikagusa kwa fimbo nukta ya juu kabisa ya Lualaba. Mji gani? Waandike kwenye vibao vyao.

Kongolo, wameandika. Nikagusa ya chini kabisa. Kindu, wameandika. Karibu darasa zima.

Nimechoka nao. Watoto hawa wa Nyangwe wameoga Lualaba kabla ya kuota meno. Wanajua samaki gani anapita mwezi gani. Kisha Kindu inawashinda? Mimi niliyezaliwa milimani Kabambare, mto huu sikuwa nimeuona mpaka nilipotumwa kufundisha hapa, mimi ndiye niwaonyeshe. Nimewaandikisha mpaka chaki zikaisha: Kindu juu, Kongolo chini. Ngongo anaandika kwa mkono huku miguu inacheza ngoma chini ya benchi. Huyo hakai kitako hata ukimfunga kamba.

Nimekula muhogo baridi. Mvua.

Jumanne, 2 Februari

Misa ya mishumaa, kwa hiyo hakuna masomo. Mwalimu mkuu Gaspard alinisubiri mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi. Padri mkaguzi atafika kutoka Kasongo kabla ya Pasaka. Neno lake tunalijua: darasa la nne hapa lilifunguliwa kwa kujaribu tu. Mwaka jana wanafunzi walianguka kwa ramani. Wakianguka tena, linafungwa. Anayetaka kuendelea, aende Kasongo.

Aende Kasongo! Ni rahisi kusema. Asumani labda, baba yake ana duka na ndugu zake wamejaa mjini. Ngongo hapana, baba yake anamhitaji mtumbwini kila anapotoka shuleni. Na Feza, binti wa mfinyanzi, msichana pekee aliyebaki darasani kwangu? Mama yake hatamruhusu kulala hata kijiji cha pili. Darasa likifungwa, Feza anarudi kwenye vyungu na habari yake imeisha.

Gaspard anataka wakaririshwe. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo anavyofundisha. Nimeitikia, ndiyo Bwana Gaspard. Nina hofu.

Alhamisi, 4 Februari

Wameimba asubuhi nzima. Kindu juu, Kongolo chini. Nikawapa maji ya kunywa, wakarudi, nikauliza tena kwa fimbo. Kongolo juu, Kindu chini. Fimbo nikaitupa.

Ndipo Ngongo akasimama bila kuitwa. "Mwalimu, hii karte umeitundika miguu juu. Maji haiwezi kupanda ukuta."

Darasa likaangua kicheko. Nilidhani wanamcheka yeye. Walikuwa wananicheka mimi, mtu wa milimani. Nikamtoa nje apige magoti. Nikauliza kwa ukali: nani mwingine anafikiri kama Ngongo? Mikono yote juu. Hata wa Asumani, mtoto mwenye adabu, Mwislamu, ambaye saa ya katekisimu hutoka na kwenda kukaa kibarazani kama baba yake alivyopatana na Padri wa misheni. Hata wa Feza. Huyo sijasikia sauti yake tangu mwaka wa shule uanze, lakini mkono ulikuwa juu.

Nikakaa. Nikaitazama ramani ile kwa macho yao. Kwao huo ni mto wenyewe umesimamishwa ukutani, na maji yakisimamishwa hayana budi kuteremka. Kindu ni kule maji yanakokwenda, basi Kindu iko chini. Lualaba inakwenda kaskazini, na kaskazini ya ramani iko juu, ila hakuna aliyewaeleza watoto hawa kwamba juu ya ramani si juu ya ukuta. Mimi nami hakuna aliyenieleza. Nilikariri tu, nikapewa cheti.

Nimemwita Ngongo aingie. Sikumwomba radhi, na nilipaswa.

Jumamosi, 6 Februari

Nilikwenda kwa baba Ngongo, Mgenya, mtu wa mto tangu babu zake. Nikamkuta anashuka kwenda kuangalia mitego. Akanipakia pamoja na mwanawe. Mimi sijui kuogelea. Nilishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili na viatu vyangu vyeupe vikajaa maji.

Katikati ya mto akanipigia kelele: "Mwalimu, sogea kule maji inatoka!" Nikasogea. "Hapana! Huko ni kule inaenda!" Mtumbwi ukayumba, nikapiga ukelele wa aibu mbele ya mwanafunzi wangu. Ngongo hakucheka. Aligeuza uso akatazama mitego. Sitausahau wema huo.

Ndivyo wanavyosema nyumbani kwao wote. Hawasemi kushoto wala kulia. Kikapu kiko kule maji inatoka. Chungu kiko kule maji inaenda. Ndani ya nyumba, ukuta kwa ukuta, mto hauonekani, na bado kigoda kinatajwa kwa maji. Mama mwenye nyumba alinikaribisha nikae kule maji inaenda, nikabaki nimesimama katikati mpaka Ngongo akaninyooshea kidole. Tukala samaki wa moshi na ugali. Walikuwa wema kwangu kuliko nilivyostahili.

Nikifundisha ramani kwa watu wa namna hii kwa kuitundika tu, ninapoteza wakati wao na wangu.

Jumapili, 7 Februari

Baada ya Misa nimekaa nje ya nyumba yangu nikiwafikiria mmoja mmoja. Sijawahi kufanya hivyo. Nilikuwa nafikiria darasa, kitu kimoja kikubwa chenye kelele.

Asumani anashika kwa sikio. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani ameshika sura ndefu kwa kuimba na kuyumba. Mpe maneno kwa sauti, amekwisha. Mpe mchoro, amepotea. Ngongo anashika kwa miguu. Lazima aende mahali ndipo ajue. Feza anashika kwa vidole. Mimi nikisema, yeye anakwangua chaki kwa ukucha mpaka inakuwa samaki mwenye magamba. Mara ngapi nimemnyang'anya?

Na wote hao nawafundisha kwa kugonga fimbo ubaoni. Nimekasirika na nimefurahi, sijui kipi zaidi.

Jumatano, 10 Februari

Siku nzuri! Nimewatoa nje. Nyuma ya darasa uwanja unateremka kidogo kuelekea kaskazini, kama Lualaba yenyewe. Tukachimba mto kwa majembe ya bustani ya shule. Kongolo kule juu ya mteremko, jiwe. Bandari ya Kasongo, jiwe. Nyangwe, watoto waligombana nani aiweke. Kindu chini kabisa, jiwe kubwa. Kutoka upande wa jua linakochomoza tukaleta mto Luama, ule unaotoka kwetu Kabambare. Huo niliuchimba mwenyewe na nikachafua suruali.

Kisha ndoo ya maji pale Kongolo. Yalishuka yakapita Kasongo, yakapita Nyangwe, yakafika Kindu, na kelele zilizopigwa zilifika kanisani. Ngongo alikimbia pamoja na maji, mtoni kabisa, miguu imejaa tope, akitaja miji kila anapoikanyaga. Hakukosea hata mmoja.

Aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Akapiga magoti pale Luama inapoingia Lualaba. "Mwalimu, angalia. Mto mudogo hauingie mukubwa mbele kwa mbele. Unaingia unainama kule maji inaenda." Ni kweli. Nimewaita wengine waje waangalie. Wakamwaga ndoo nyingine kuhakikisha, na nyingine tena, mpaka bustani ikakosa maji.

Mwisho nikaleta ramani bubu, nikailaza juu ya majani kando ya mto wetu, juu yake ikielekea Kindu. Wakaizunguka. Kisha wote: aaa.

Ijumaa, 12 Februari

Leo zamu ya Asumani. Nimemwambia autungie mto wimbo, vituo vyote kutoka Kongolo hadi Kindu, na kwa kila kituo vitu vinavyopatikana pale: reli, mchele, samaki, mafuta ya mawese. Akafumba macho, akaanza kuyumba. Darasa zima likamfuata, na sauti ilikuwa ile ya chuoni, imekunjwakunjwa mwishoni. Waliokuwa wakisahau kila kitu wamekishika kwa asubuhi moja.

Tatizo: nikiuliza kilicho kati ya Kasongo na Kindu, wanaanza kuimba upya kutoka Kongolo. Hawawezi kuingia njiani. Nimecheka mpaka machozi.

Gaspard hakucheka. Alisikia wimbo kutoka ofisini akadhani nawasomesha Kurani katika shule ya misheni. Amefika anahema, kofia imeenda upande. Nimemwimbia mwenyewe ubeti wa mchele na reli ili aamini. Ameamini nusu. Amesema: "Bwana, shule haiko kiwanja ya matope, na haiko chuo. Padri akikuta hivi, mimi ndiye nitasema nini?" Anaogopa. Namwelewa, kwa sababu nami naogopa. Lakini sirudi nyuma.

Jumanne, 16 Februari

Feza ameleta kitu kichwani kimefunikwa kwa jani la mgomba. Kigae kipana cha udongo. Juu yake Lualaba imechimbwa kwa kidole gumba, Luama kwa kidole kidogo, na miji ni vidonge vilivyobandikwa. Kila kona ya mto iko mahali pake. Hakuna aliyemtuma.

Nimemuuliza alikaushaje kitu kipana hivyo bila kupasuka. Hakujibu kwa mdomo. Alikisimamisha kigae ukutani, akanitazama. Akakilaza chini, akanitazama. Akakisimamisha tena. Nilidhani ananionyesha jinsi ya kukishika nisikivunje. Nikamwambia nimeelewa, asante, nitakitunza. Akashusha macho, nikaona hakuridhika.

Kigae kiko juu ya meza yangu. Nimekipapasa kila nilipopita.

Jumamosi, 20 Februari

Leo nimejaribu. Ramani nikairudisha ukutani. Nusu wamejibu sawa. Nusu wameanguka palepale pa zamani, na Ngongo yumo kati ya walioanguka. Ikiwa chini ni bingwa. Ikitundikwa anakuwa kama mtu aliyesahau jina lake.

Mkaguzi hatauliza chini. Atauliza ukutani, kwa fimbo. Nimefanya kazi yote hii na pengine nimewafundisha kucheza tu. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 22 Februari

Padri mkaguzi hangoji Pasaka ikaribie. Atafika Alhamisi hii. Gaspard ametangaza wakati wa kengele. Kwangu ameongeza pembeni: hakuna kutoka nje tena, hakuna wimbo, hakuna udongo. Ukuta na fimbo.

Nimembishia. Mara ya kwanza kumbishia mtu mkubwa kuliko mimi, na nimebisha vibaya, kwa sauti ya juu, mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Amesema darasa likifungwa, watu wa Nyangwe hawatalilaumu jina lake, watalilaumu langu. Hilo limenichoma kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 24 Februari

Usafi wa shule nzima. Gaspard ameagiza uwanja wa nyuma usawazishwe. Watoto wangu wamepewa majembe na mifagio waufukie mto wao wenyewe.

Sikuweza kutazama, kisha nikatazama. Hawakulia, hawakununa. Walianza Kongolo. Wakafukia wakishuka, kwa mpangilio, na Asumani akiimba kwa sauti ya chini kila kituo kabla hakijafunikwa. Ngongo akakanyagakanyaga udongo nyuma yao. Walipofika Kindu uwanja ulikuwa tambarare, safi, hauna kitu.

Nimepiga pasi suruali. Nimeomba. Kesho Feza asipigwe na aibu mbele ya mgeni, hilo tu nimeomba, na mengine yote nikayaongeza baadaye.

Alhamisi, 25 Februari

Niandike pole pole.

Padri mkaguzi, Mompe kwa watoto, ni mzee, ndevu nyeupe, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Kusoma: vizuri. Hesabu: vizuri, Mungu mkubwa. Kisha akafungua ramani yake mwenyewe, bubu, mpya, akaitundika kwenye msumari. Gaspard alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia kifuani.

Wa kwanza Asumani. Kuna nini kati ya Kasongo na Kindu? Nikaona anafumba macho, nikajua ameshaondoka Kongolo. Aliimba kimoyomoyo, midomo inakimbia, mwili unayumba, Padri anangoja. Akafika, akafungua macho, akataja vyote, na mchele, na reli ng'ambo ya mto. Padri akakubali kwa kichwa.

Wa pili Ngongo. Aonyeshe Kindu.

Ngongo akasimama mbele ya ukuta. Mkono ukapanda, ukashuka. Akanitazama. Nilitaka kusema neno moja tu na sikuruhusiwa. Padri akashika kalamu yake. Nikajisemea, basi, limefungwa.

Feza akatoka kwenye benchi lake. Hakuomba ruhusa. Akapita mbele ya Padri, akachomoa ramani msumarini, akailaza sakafuni, akaizungusha mpaka juu yake ikaelekea kaskazini, kule mto unakokwenda kweli huko nje. Kisha akarudi kukaa na mikono yake mapajani.

Gaspard alitoa sauti fulani nyuma. Padri akauliza nani amempa mtoto huyu ruhusa. Nikasimama. Nikasema, mimi, Padri. Haikuwa kweli, lakini nilitamani ingekuwa kweli.

Ngongo hakungoja tusikizane. Alikuwa ameshavua viatu. Akasimama kando ya ramani, miguu pande mbili za Lualaba, akaanza: hapa Kongolo, hapa Luama inaingia, inatoka kule kwao Mwalimu, hapa bandari ya Kasongo, hapa sisi, hapa Kindu. Bila kupumua. Padri akauliza, mtumbwi ukikatika kamba hapa Nyangwe, wenyewe wakautafute wapi? Darasa zima likacheka, swali la mtoto mchanga! Wote vidole Kindu.

Padri akapiga goti. Mzee yule, na kanzu yake nyeupe, sakafuni. Akatoa mkobani ramani nyingine, bubu nayo, nchi ambayo hata mimi sikuijua na sijui mpaka sasa. Mto mkubwa katikati, mito midogo pembeni. Akaiweka mbele ya Ngongo. Maji yanakwenda upande gani?

Mwalimu yeyote angesema hilo halikufundishwa. Ngongo akainama akafuata mstari kwa kidole. Akapita mto mdogo wa kwanza, wa pili. Akasimama kwenye wa tatu. "Huku, Mompe. Midogo yote inainama huku. Ukitoka na mutumbwi mu hii midogo, maji itakubeba huku."

Padri akaufuata mstari uleule kwa kidole chake. Akasema, ndiyo. Tena kwa Kifaransa, kwa ajili yake mwenyewe, oui.

Nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Akainuka akishika magoti, akaichukua ramani ya kwanza, akaitundika palepale kwenye msumari. Akauliza darasa: na sasa je? Iko ukutani. Maji yanapanda ukuta?

Swali lenyewe. Lile lililonishinda Jumamosi.

Kikatokea kitu ambacho sikukifundisha. Feza akasema. Kwa sauti, yeye, Feza. "Hapana, Mompe. Maji haipande. Ukuta ni chini yenye imesimama." Akanyoosha kiganja kikalala, akakiinua kikasimama, akakilaza tena. Nikawaza kigae chake kikikauka kimesimama ukutani kwao, nikakumbuka siku ile aliyokisimamisha mbele yangu na kukilaza na kukisimamisha, nami nikamwambia asante nitakitunza. Alikuwa ananifundisha, nami nilidhani tunazungumza habari za kupasuka.

Ngongo alimtazama Feza. Akautazama ukuta. Akainamisha kichwa upande, akainamisha upande wa pili, kisha uso wake wote ukafunguka. Akaruka juu, akagusa nukta ya juu kabisa: "Kindu!" Padri akaanza kugusa kwa fimbo, haraka haraka, na darasa likajibu kwa kelele, hata wale walioanguka Jumamosi, hata wa benchi la nyuma ambao kwa kawaida wanalala. Hawakukosa. Hawakukosa hata kimoja!

Padri alitoka bila kutuambia neno. Amelala nyumba ya mapadri. Mimi sijali tena, au najali sana. Leo watoto wangu wameshinda na nimeona kwa macho yangu.

Ijumaa, 26 Februari

Libaki! Darasa la nne libaki, na baada ya likizo kubwa, darasa la tano litafunguliwa hapahapa Nyangwe. Padri amesema mbele ya shule nzima, chini ya bendera. Feza hatakwenda Kasongo wala kwenye vyungu, isipokuwa akitaka mwenyewe.

Kabla ya kupanda motokari Padri aliuliza, yale matope ambayo watoto wanayasema yako wapi? Gaspard akavua kofia. Nikasema tumeyasawazisha kwa heshima ya mgeni. Akasema yarudishwe, anataka kuona. Hajamaliza kahawa yake, mto ulikuwa umechimbwa upya, Kongolo hadi Kindu, hawakuhitaji ramani wala mimi. Ndoo alimwaga Padri mwenyewe. Maji yakashuka, watoto wakashuka nayo, na wimbo wa Asumani ukaimbwa wote mpaka mwisho, na Padri akafuata kwa mguu akipiga mdundo.

Gaspard alikuwa anamweleza, mkono umenyooshwa, kofia imekaa sawasawa: "Ndivyo tunafundishaka hapa, Mompe." Nimemwacha. Ana haki ya kufurahi, naye alikuwa na hofu kama mimi. Baadaye amekuja akasimama mlangoni kwangu, akauliza kama naweza kumwonyesha namna ya kumtumia yule mtoto wa darasa la pili asiyenyamaza. Nimesema ndiyo, Bwana Gaspard, na safari hii nilimaanisha.

Mama yake Feza amepita jioni. Amesema mtoto alirudi nyumbani akizungumza, na hajanyamaza tangu hapo, na yeye kichwa kinamuuma. Alikuwa anacheka na kufuta macho.

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka siwezi kukaa.

Jumatatu, 1 Machi

Kengele, sala, kucha. Leo sehemu: nusu, theluthi, robo. Nilizichora ubaoni vizuri, duara kwa duara, kwa chaki ya rangi.

Hakuna aliyeelewa. Asumani ameshika majina yote na hajui hata moja ni nini. Ngongo amesema robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili, na darasa likamuunga mkono. Feza akabisha, wakabishana naye.

Nje mvua ndogo. Nikafuta ubao. Nikaenda kukaa kati yao kwenye benchi, wakanisogelea, nikawauliza nyumbani kwao wanagawanyaje samaki.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja.